Usile Chakula cha Majini

Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Masalkheri wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mlioketi hapa mbele kwa mikeka. Wale wa kule nyuma mkinisikia inueni mikono, haya vizuri.

Waliotuita hapa Mkunguni, Lamu, leo waliniambia kuna mambo mawili. La kwanza ni ngano za zamani za ndugu wanaopotelea kwa majini, wanataka watoto wazisikie manake majumbani siku hizi hazisimuliwi. La pili ni mazungumzo na familia ambazo vijana wao wameingia kwa unga, hii heroini, na mpango ulikuwa watoto wakishapata ngano yao wapelekwe wakalale halafu sisi wakubwa tubaki tuzungumze. Nikawaambia hapana, watoto wabaki. Manake mimi nikizisikia hizi ngano sioni mambo mawili hata kidogo. Kaka ameonja chakula cha majini akasahau njia ya kwao, dadake akamfuata kumtoa, mimi sijasikia stori nyingine inayoeleza unga vizuri hivyo, na hawa watoto mnaotaka wakalale wengi wao wana kaka ama mjomba ambaye washamuona amejikunja kwa ngazi ya nyumba ya watu saa nne za asubuhi mate yanamtoka. Washaona yote. Maneno ya kusemea ndio hawajapewa.

Basi nianze na ngano, niliipata kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Paukwa!

(Pakawa!)

Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea vikuta na vilango vya kupita. Palikuwa na mtu na dadake. Mtu akiitwa Kombo, dada akiitwa Mwanaisha, na Mwanaisha ndiye mdogo. Wametumwa kuni kisiwa cha Manda, na mama yao akawaambia ingieni mto wa Takwa maji yakijaa, lakini mkiyaona yamesimama tu geuzeni chombo, msingoje yapwe. Mnaojua ule mto mnaelewa, manake Takwa huingii na kutoka upendavyo, maji yakishapwa mashua inalala kwa tope na wewe unakaa na mikoko mpaka yajae tena, na hiyo ni masaa sita na kitu.

Walipofika kwa magofu ya mji wa kale wa Takwa Kombo akasema ngoja nichungulie ule msikiti wa kale, nitarudi saa hii hii. Akaruka ukuta. Sasa zile kuta mnazozijua nyinyi, zimebomoka, mibuyu imeota katikati, yeye akazikuta zimepakwa chokaa mpya nyeupe pe, vidaka vimejaa taa, mazulia yametandikwa, sinia la haluwa liko katikati bado linatoa mvuke, na kahawa ya tangawizi inanukia. Na sauti zikamwita kwa jina. Kombo karibu, tumekungoja sana, kwa nini umekawia. Yeye hakumwambia mtu jina lake. Hilo peke yake lingemtosha ajue, lakini mtu ukiitwa kwa jina lako kwa upendo na ukaambiwa ulikuwa unangojwa, ni nani hapa ambaye hageuki? Akaingia. Akachota tonge moja ya haluwa akala, na ile tonge ilipopita kooni akasahau jina la mamake.

Mwanaisha alingoja, alingoja, akaona maji yamesimama. Akamfuata. Alipofika mlangoni wakamkaribisha na yeye, bibi mkubwa wa majini akainuka mwenyewe na dhahabu zake, akamwambia mwanangu ndugu yako yuko hapa, hatujamfunga kamba, mlango uko wazi, wewe ingia ule na sisi halafu mtoke pamoja. Mwanaisha akasema, nimefunga.

Na bibi yangu akifika hapo alikuwa anatuambia kwa ukali kabisa, kidole juu: jini hamlazimishi aliyefunga, ndiyo sheria yao. Basi wakamwacha akae pale mlangoni. Hakuingia ndani na hakuondoka. Akawa anaita: Kombo mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, mtaa wenu ni fulani, mlango wenu una misumari ya shaba mmoja umeng'oka uling'oa wewe. Anataja kimoja kimoja. Kombo anamtazama anacheka, hamjui. Na maji yanapwa. Mpaka magharibi ikaingia, na sasa ndiyo hatari yenyewe, manake aliyefunga lazima afuturu, na kule ndani wameshamtengea kila kitu, wanamwambia haya saumu yako imekwisha. Mwanaisha akafungua pindo la leso yake akatoa tende moja aliyotoka nayo kwao. Moja tu. Akaikata kwa meno, nusu akafuturu nayo, nusu akamtilia nduguye mdomoni.

Kombo akakumbuka. Taa zikazimika, kuta zikawa magofu, wakakimbia mpaka ukingoni.

Watoto wote hapa wanapumua saa hii, nimewasikia, wanadhani imekwisha. Hata sisi tulikuwa tunapiga makofi hapo, na bibi anatunyamazisha, anasema ngojeni, maji yako wapi? Maji yamepwa. Chombo kimelala kwa tope. Usiku umeingia, mbu, baridi, na kule nyuma majini wamewasha taa tena na wanaita tena, Kombo, Kombo, haluwa inapoa. Na Kombo sasa ana njaa ile ya mtu aliyekula chakula cha kule, mwili wote unamtetemeka, jasho na baridi kwa wakati mmoja, analia, anamtukana dadake, anamwambia wewe hunipendi, wale ndio wanaonipenda, niachilie niende mara moja tu nitarudi, mara moja tu wallahi. Anamuuma mkono. Na Mwanaisha amezunguka kiuno chake na kamba ya nanga akajifunga naye, wamekaa kwa tope mpaka maji yajae.

Bibi alikuwa anakaa hapo kwa tope muda mrefu kuliko hadithi yote. Sisi tunalia tunamwambia wafikishe nyumbani, yeye anasema maji hayajajaa.

Wazazi mnaosimulia ngano siku hizi hapo mnaparuka. Najua kwa nini, mnaogopa mtoto ataota usiku. Mnasema wakatoroka wakarudi kwa mama yao wakaishi raha mustarehe. Mimi nawaomba msifanye hivo. Mkilitoa lile tope mnamlea mtoto ambaye siku nduguye atatoka kwa maskani akasema nimeacha, ataamini usiku ule ule kwamba mambo yamekwisha. Halafu akimuona anatapika, anaharisha, mafua yanamtoka, mifupa inamuuma, anatusi, atashtuka, atasema kumbe hakuacha kwa moyo, na atamfungulia kamba.

Ile tunaita arosto, wale wenye ndugu zao mnaijua. Kwa heroini inaanza masaa kama 8 mpaka 12 baada ya kete ya mwisho, inapanda siku ya pili na ya tatu hapo ndio kifo kitupu kwa macho ya mwenyewe, halafu inaanza kushuka, na kwa wengi baada ya wiki hivi mwili umetulia. Hamu ndiyo haitulii wiki moja. Usingizi pia unachukua muda kurudi. Sasa mtu akijua hesabu hiyo anaweza kumkalia ndugu yake, manake anajua maji yatajaa lini.

Kuna ngano nyingine nataka niwape, hii si yetu, ni ya Uingereza na Scotland huko, ilichapishwa London mwaka 1890 na bwana mmoja akiitwa Joseph Jacobs lakini yenyewe ni kongwe kuliko hapo, hata Shakespeare ameitaja mstari mmoja kwenye mchezo wake wa mfalme Lear. Wao hawasemi majini, wana watu wao wa chini ya vilima, wana mfalme na kasri. Vijana watatu wanacheza mpira na dada yao Ellen karibu na kanisa. Mpira ukaruka juu ya kanisa, Ellen akazunguka kuufuata, lakini akazunguka kinyume na jua linavyokwenda, na kwao hiyo ndiyo njia ya kutekwa. Akapotea. Kaka mkubwa akamfuata akapotea. Wa pili akapotea. Akabaki mdogo kabisa, Rowland, akaenda kwa mganga mkubwa wa kwao Merlin akapewa masharti, na sharti moja ni hili: ukiwa kwenye nchi ile usile tonge wala usinywe tone, hata ukishikwa na njaa namna gani, ukila hutarudi.

Oneni hapo. Watu ambao hawajawahi kuiona Lamu, na Lamu haijawahi kuwaona, wana sharti lile lile. Usile chakula chao. Kwa nini watu walio mbali hivyo wakubaliane, kila mtu ana lake la kusema, mimi naamini ni kwa sababu kila mahali pameshapatikana mtu aliyepotea kupitia mdomo wake, kwa pombe, kwa afyuni, kwa ulafi, na ndugu zake wakatafuta namna ya kuisema.

Rowland akafika, akafunguliwa kilima, akaingia kasri, akamkuta dadake amekaa. Wakalia, wakapeana habari. Na kwa vile ametoka mbali njaa ikamshika, akamwomba dadake chakula. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ellen akamtazama kwa huzuni akatikisa kichwa, lakini amefungwa kwa uchawi, mdomo hausemi, hawezi kumwonya. Akainuka mwenyewe akaenda akamletea bakuli la dhahabu, mkate na maziwa. Hakuletewa na mfalme wala na adui yeyote. Ameletewa na yule yule aliyekwenda kumwokoa. Na Rowland ameshalishika, linakaribia midomo, ndio akamtazama dadake machoni akakumbuka amekuja kufanya nini, akalibwaga chini.

Kuna dada mmoja ninayemjua, ameniruhusu niseme bila jina. Kaka yake aliuza vipuli vya mama yao, vya dhahabu, vya harusi, vilikuwa kwenye kijaluba kabatini. Dada akajua kabla ya mama. Kaka akaja usiku amekaa naye kwa daka, amemshika mikono yake yote miwili, machozi yanamtoka ya kweli, si ya kuigiza, akamwambia dada yangu, mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, usimwambie mama, Ijumaa nitavirudisha, ukimwambia ana presha yule, akianguka wewe ndio utakuwa umemuua. Basi, hilo ndilo bakuli. Maziwa meupe, mkate mlaini, na limeletwa na mkono wa unayempenda, na yeye mwenyewe pengine ndani ya macho anatikisa kichwa, hataki ulinywe, lakini mdomo hauwezi kusema.

Yule dada alinyamaza kidogo akamwambia nitamwambia mama kesho asubuhi, na wewe utakuwepo, nitakushika mkono. Na akamwambia kweli. Mama hakuanguka. Alilia, akakaa siku kadhaa hasemi, halafu akauliza, sasa tunafanyaje? Kaka alimkasirikia dada muda mrefu, alikuwa akipita njia anageuka upande mwingine.

Nani hapa hajalinywa hilo bakuli? Kulipa deni la muuzaji ili asipigwe, kumwambia baba kaka amekwenda kuvua, kusema simu imeibiwa na mnajua nani kaiuza. Siwalaumu, ni mapenzi. Lakini mkishalinywa wote mko ndani ya kasri na mlangoni hakuna aliyebaki wa kuita.

Na kuita kwenyewe, yule Mwanaisha aliita nini? Jina, mama, mtaa, msumari uliong'oka. Hapa kwetu mtu akishaingia tu kwa unga anapewa jina jipya, teja, na mtaa mzima hata watoto wadogo wanamwita teja, teja, halafu tunashangaa amesahau kwao. Akipita mwiteni jina lake na la babake. Usimpe pesa, mpe chai na mkate ale mbele yako, mwambie mamako anakusalimia, mwambie fulani ameoa, bintiye amezaliwa. Mwache aende na hayo.

Sasa ngano yetu wenyewe, na hii imo kwenye kitabu, ilikusanywa Unguja na mmishonari Edward Steere ikachapishwa 1870, wazee wengi mnaijua kwa midomo, ya yule nunda mla watu. Paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo akaachiwa, mpaka akala watu akaingia msituni akawa nunda. Mdogo wa wale watoto wa sultani ndiye aliyekwenda kumtafuta. Na huyu mdogo alikuwa ameshajulikana zamani, manake kulikuwa na mtende wa baba yao ukiliwa na ndege usiku, kaka zake wote walikwenda kuulinda wakalala, yeye akachukua mahindi na mchanga, anatafuna mahindi, usingizi ukija anatia mchanga kati ya meno. Mchanga! Nani amewahi kulala na mchanga mdomoni.

Lakini mimi nimeipenda kwa jingine. Alipokwenda msituni kila mnyama anayemuua anamburuta mpaka kwa mamake anamwambia mama huyu ndiye. Na mama anamwambia mwanangu, siye. Anarudi msituni, anakuja na mkubwa zaidi, mama, ndiye? Siye. Mama anamlilia asiende tena na yeye anakwenda, na mama hata mara moja hakumdanganya kumfurahisha. Siye.

Familia zetu zinasherehekea mapema mno. Kijana ametoka soba hausi, ile nyumba ya kuachia unga, leo, kesho mbuzi ameshachinjwa, kesho kutwa anatafutiwa mchumba, ati akioa atatulia. Mtoto wa watu anaingizwa kwenye ndoa awe dawa! Amemaliza arosto, hiyo ni kweli na ni kubwa, Alhamdulillahi, mpikieni pilau. Lakini siye. Nunda bado yuko msituni.

Na hapa nataka niseme jambo la kuokoa roho, hata watoto mlishike. Mtu akikaa bila unga wiki kadhaa, awe alikuwa soba hausi, au jela, au hospitali, mwili wake unasahau kuuzoea. Akirudi akapiga kipimo kile kile alichokuwa akipiga zamani kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Wengi tuliowazika tuliwazika baada ya kuacha, si ndio? Wiki ile aliyotoka. Mkimkuta amelala haamki, anapumua kwa tabu, mara pumzi inakatika, midomo na kucha zimekuwa buluu, mboni za macho zimekuwa nukta, huyo halali usingizi. Mwiteni, msugueni kifuani kwa nguvu, mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, na asiyejua kumpulizia pumzi akimbie kutafuta anayejua. Msimwagie maziwa mdomoni, hayo maziwa yanaingia mapafuni. Hospitali upesi, na mseme wazi ametumia nini, manake kuna dawa ya kuuzima ule unga inaitwa naloksoni, lakini nguvu zake hazikai sana, mara nyingi chini ya masaa mawili, kwa hivyo hata akizinduka akasema niko sawa twendeni nyumbani, asiondoke.

Hii ngome iliyo nyuma yangu ilikamilika kama 1821, na kutoka enzi za wakoloni mpaka 1984 ilikuwa jela. Wazee mnakumbuka. Kuna wanaosema dawa ya hawa vijana ni jela tu, na mimi nawaheshimu wanaosema hivo kwa sababu wengi wameibiwa, wamechoka, hilo sikatai. Lakini jela haitoi ile tonge kooni. Akitoka ni yule yule na mwili umesahau kuuzoea, na nimeshawaambia hapo kinachotokea.

Ngano ya mwisho, halafu niwaachie nafasi ya maswali. Hii ni ya Ujerumani, ndugu wawili wakiitwa Grimm waliichapisha mwaka 1812, karibu miaka ile ile ambayo watu wa hapa walipigana vita vya Shela. Kuna ndugu sita wa kiume, mama wa kambo mchawi akawageuza ndege, wale wakubwa weupe wa kuogelea wenye shingo ndefu, na dada yao akaambiwa wakitaka kuokolewa ni yeye akae miaka sita, sita mizima, hasemi neno wala hacheki, na awashonee mashati sita kwa maua madogo ya porini yenye sura ya nyota. Akakubali. Akapanda juu ya mti akawa anashona. Akaja mfalme akamuoa hivo hivo bubu, akazaa, mama mkwe akamwibia watoto akamsingizia amewala, na hata hapo hakufungua mdomo kujitetea, mpaka akahukumiwa kuchomwa moto. Siku ya kuchomwa ndiyo siku ya mwisho ya miaka sita. Mashati yako mkononi, yamekwisha yote isipokuwa la mwisho halijapata mkono wa kushoto. Ndege wakaja wakashuka, akawatupia, wakawa watu. Na yule mdogo, shati lake ndilo lile lenye mkono mmoja, akasimama mzima na upande wa kushoto ana bawa.

Na ngano inakwisha hivo, bawa halitolewi, hakuna anayekuja baadaye kumalizia shati. Amerudi, ni mtu, anaongea, ana akili zake, anakula na ndugu zake, na ana bawa.

Yule kaka wa vipuli siku hizi yuko Malindi kwa shangazi yake. Kule kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, tangu 2015, kila siku anakwenda, jina linaangaliwa, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, basi anakwenda kazini, anafanya kwa fundi wa mabodi ya mashua. Methadoni inakaa mwilini kutwa nzima, kwa hivyo arosto haimshiki na hahitaji kuiba wala kujidunga, na kutojidunga maana yake hashiriki sindano, hapati ukimwi wala homa ya ini kwa njia hiyo. Jumapili pia anakwenda. Idd pia anakwenda. Na kuna jamaa zake, watu wazima wenye ndevu, wanamwambia wewe hujaacha, umebadilisha unga kwa unga mwingine tu, mwanamume gani anayekunywa dawa kila siku.

Mimi nimekuja kusema juu ya hilo bawa. Nimelishika sana. Dada alikaa miaka sita haongei, wakamtia kuni chini ya miguu, akarudisha watu sita, nani atasimama pale amwambie umekosea, huyu mmoja ana bawa? Ukimuona huyo kijana anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, hiyo ndiyo shati yake ilipofika. Huenda siku moja dokta na yeye wakaamua kupunguza polepole mpaka aache, huenda akainywa miaka. Lakini anamjua mamake kwa jina. Mwezi uliopita alimtumia pesa za samaki.

Na wale dada, na wale kaka, na akina mama mnaokaa kwa tope usiku huu wakati sisi tunaongea hapa, nyinyi nani anawaletea futari? Mwanaisha alikuwa na tende moja na akaigawa. Alikuwa na njaa yule mtoto, ngano haituambii lakini alikuwa na njaa. Jirani aende akae na mgonjwa masaa mawili, yule dada alale. Mtu amchukulie watoto. Mkisikia makelele nyumba ya pili msifunge dirisha, bisheni hodi muulize dada nikusaidie kumshika?

Basi maswali. Watoto kwanza, halafu akina mama, halafu wazee. Wenye ndugu wanaotaka kwenda Malindi na hawajui waanzie wapi, mimi na yule bwana wa afya aliyevaa kanzu ya kahawia tutakaa hapa ngazini mpaka wa mwisho aondoke, njooni mmoja mmoja, hakuna atakayeandika jina la mtu. Haya, yule mtoto mwenye buibui ndogo kule, simama mwanangu, sema kwa sauti.